Mchungaji aanze kulipwa mshahara: nani ahesabu sadaka, na apewe kiasi gani?

mhazini_mgeni

Shalom wapendwa. Kanisa letu ni la kujitegemea, Tanzania Bara, watu wazima kama 140. Kikapu kikishazunguka kinaingia ofisini kwa mchungaji, yeye analipa umeme na fundi wa spika, kinachobaki ndiyo matumizi ya nyumbani kwake. Katibu ameandika makusanyo ya miezi 12 iliyopita: mwezi mbaya milioni 2.3, Desemba milioni 4.1. Matumizi hayajaandikwa popote. Hakuna anayemtuhumu mtu, ila wazee wameamua alipwe mshahara unaojulikana. Baadhi yao wanasema achukue fungu la kumi lote, kwa kuwa ni la Walawi. Naomba utaratibu wa kuhesabu, kiwango cha mshahara, na kama TRA (mamlaka ya mapato) wanahusika. Jambo lingine: Lipa Namba iko kwa jina la mama mchungaji.

karani_wa_usharika

Mhazini, anza na kuhesabu, mshahara utafuata. Ukipanga mshahara huku kikapu bado kinapitia mlango uleule, mtakuwa mmebadilisha jina tu.

Watu watatu, wasio ndugu wala mume na mke, na wewe mhazini usiwe mmoja wao. Wewe unapokea kilichokwisha kuhesabiwa. Wawe kikosi cha watu tisa hivi wanaopokezana kila mwezi, ili watatu walewale wasizoeane mno. Kazi ifanyike hapohapo kanisani, ibada ikiisha, kabla mtu hajatoka na kikapu. Kikapu kisilale. Kosa la kawaida ni "tutahesabu jioni, tuna mgeni".

Noti zitengwe: elfu kumi, tano, mbili, moja, kisha sarafu. Kila fungu lihesabiwe na wawili, mmoja baada ya mwingine, wasiambiane jibu. Wakitofautiana wanarudia, hawagawani tofauti. Fomu iwe na nakala tatu za kaboni: idadi ya kila noti, jumla kwa tarakimu na kwa maneno, sahihi tatu. Nakala moja kwako, moja kwa katibu, moja ibaki kitabuni. Kosa likiandikwa lipigwe mstari mmoja na kusainiwa pembeni. Fomu iliyopakwa wino mweupe ni fomu iliyokufa.

Bahasha zina taabu yake. Nje imeandikwa 20,000, ndani mna 15,000. Andikeni kilichokutwa, wote watatu wasaini juu ya bahasha hiyo, na mwenye bahasha aambiwe wiki hiyohiyo, kwa faragha. Zitunzwe mpaka hesabu za mwaka zikaguliwe.

Jumatatu fedha zote ziende benki, hata shilingi mia ya mwisho. Hapa ndipo makanisa mengi yanapoteleza: wanatoa ya dizeli ya jenereta humo humo kwenye kikapu, halafu wanapeleka benki salio. Hiyo ni kutumia fedha mbichi, na ukishairuhusu mara moja, fomu ya Jumapili haitalingana tena na hati ya benki. Matumizi madogo yawe na kasha lake, tuseme 150,000, linalojazwa tena kwa stakabadhi tu.

hesabu_na_kodi

TRA wanahusika. Sadaka ni habari nyingine, lakini anayelipwa kila mwezi kwa kazi ni mwajiriwa, awe mchungaji au mlinzi. Kuuita mshahara "posho" hakubadilishi kitu.

Kiwango msikipange kwa kuangalia Desemba. Chukueni miezi mitatu iliyokuwa mibaya zaidi, mpate wastani, mshahara uingie humo pamoja na umeme na mengineyo. Nichukulie mwezi wenu mbaya kabisa, 2,300,000, na mshahara wa 900,000.

NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 kwa jumla. Kawaida anakatwa 10, kanisa linaongeza 10. Anakatwa 90,000. Kodi inakokotolewa baada ya kuondoa hiyo, yaani juu ya 810,000. Hadi 270,000 hakuna kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8. Hadi 760,000 ni asilimia 20. Hadi milioni moja ni asilimia 25. Juu ya hapo 30. Kwa 810,000 inakuja 20,000 + 48,000 + 12,500 = 80,500. Mkononi anapata 729,500.

Upande wa kanisa: 900,000, na 90,000 ya NSSF, na 4,500 ya WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi (asilimia 0.5). Jumla 994,500, kama asilimia 43 ya mwezi mbaya. Mimi nisingevuka nusu kwa mtumishi mmoja. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, isiwatishe: inawahusu waajiri wenye wafanyakazi kumi na kuendelea, na watumishi wa ibada wa taasisi za dini wamesamehewa.

PAYE, yaani hiyo kodi ya mshahara, iwe imelipwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Kanisa liwe na TIN (namba ya mlipakodi) yake kama taasisi, msitumie ya mchungaji. Mkimlipia pango, mjue nalo ni sehemu ya malipo yake, linaingia kwenye hesabu ya kodi.

msoma_torati

Kuhusu Walawi, hao wazee wasome sura yote. Hesabu 18:26 inawaagiza Walawi wenyewe watoe zaka (fungu la kumi) ya ile zaka. Na Kumbukumbu 14:28-29 inataja zaka ya mwaka wa tatu, ambayo inaliwa pia na mgeni, yatima na mjane. Kwa hiyo "yote ni yake" haimo.

Wanaosema asilipwe kabisa nao wana kazi, maana 1 Wakorintho 9:14 iko wazi kwamba wanaohubiri Injili waishi kwa hiyo Injili. Ila aya ya 15 Paulo anasema hakuitumia haki hiyo. Haki ipo, na mtu anaweza kuiacha. Kanisa haliwezi kuiacha kwa niaba yake.

Kumpa asilimia ya fungu la kumi kuna hatari nyingine: kipato chake kinapanda na kushuka kwa mahubiri yake. Mtasikia Malaki 3:10, "Leteni zaka kamili ghalani", kila Jumapili.

Na kuhesabu wawili wawili si uzungu. Katika 2 Wafalme 12 makuhani waliachiwa fedha za matengenezo wenyewe, na kufikia mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi nyumba ilikuwa haijatengenezwa. Ndipo likawekwa kasha lenye tundu, na likijaa alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wote wawili.

mhazini_mgeni

Asanteni sana. Vipi kuhusu zawadi anazopewa mkononi, na ile Lipa Namba?

karani_wa_usharika

Muumini akimletea mchungaji kuku au akimpa 10,000 mlangoni, ni yake, muiache. Lakini ikitangazwa madhabahuni "tumbariki mtumishi" na kikapu kikazunguka, hiyo inahesabiwa kama sadaka nyingine yoyote, inapita benki, na inaingia kwenye malipo yake ya mwezi huo.

Lipa Namba ifungwe, ifunguliwe nyingine kwa jina la kanisa. Simu inayopokea ujumbe ikae kwako, lakini uwezo wa kuhamisha fedha usiwe kwako peke yako, na zihamie akaunti ya benki tu. Kila mwisho wa mwezi omba taarifa ya miamala, katibu ailinganishe na daftari.

jirani_wa_namanga

Huku Kenya Paybill inasaidia sana kwa sababu mtoaji mwenyewe anaandika sehemu ya akaunti: FUNGU, SADAKA au JENGO. Shida ni moja, watu huandika "Amen" au jina la mtoto. Wekeni kanuni mapema kwamba isiyoeleweka inaingia mfuko wa kawaida.

hesabu_na_kodi

Nyongeza kwa mhazini: akaunti iwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA (wakala wa usajili, ufilisi na udhamini), si kwa majina ya watu. Benki itadai cheti, katiba, muhtasari wa kikao kilichoteua watia sahihi, na vitambulisho vyao vya NIDA. Watia sahihi watatu, wawili watoshe kutoa, na mchungaji na mkewe wasiwe wote wawili humo. Kiwanja nacho kiangalieni kimeandikwa jina la nani. Kikiwa cha mchungaji, akifariki kitaingia kwenye mirathi yake, na watoto wake hawatakuwa wamefanya kosa lolote kukidai.

Mshahara wenyewe upangwe kwenye kikao ambacho yeye ametoka nje, uandikwe kwenye muhtasari, upitiwe upya mara moja kwa mwaka, kila mwaka mwezi uleule. Chagueni Machi au Aprili, mavuno ya Desemba yakiwa yameshasahaulika.