Vifuniko bapa vya magurudumu vya kujitengenezea: tupeane uzoefu (Mombasa na Pwani yote)

Probox ya Mikate
Asalaam aleikum wanachama. Mimi napeleka mikate Malindi mara tatu kwa wiki kutoka hapa Mombasa, kwenda na kurudi kama kilomita 240. Petroli ndiyo inayonilia faida. Tangu mwezi wa tatu nimefunika magurudumu yote manne kwa vifuniko bapa nilivyotengeneza mwenyewe, na nataka kusikia wengine waliojaribu. Kila mtu aseme alichokiona kwa macho yake, kibaya na kizuri.

Kwa asiyejua kwa nini tunahangaika: rimu ina matundu, na ikizunguka matundu yale hukoroga hewa kama feni. Injini ndiyo inayolipia ule mkorogo. Magari ya mbio za kasi kule Bonneville, Marekani, yanafungwa visahani bapa miaka na miaka. Honda Insight ya kwanza, ya 1999, ilitoka kiwandani magurudumu ya nyuma yamefunikwa nusu kwa bodi.

Mimi nimetumia masinia ya aluminiamu, yale yale ya pilau. Jambo la kwanza lililonitia hasara ni kipimo. Rimu yangu imeandikwa 14, nikanunua sinia la inchi 14, likazama ndani ya rimu kama kifuniko kidogo juu ya sufuria kubwa. Ile 14 ni mahali tairi linapokaa. Ukipima ukingo wa nje mpaka wa nje wapata inchi 15 na kitu. Pimeni kwa futi yenu kwanza ndipo mwende dukani.

Sinia nimelifunga juu ya kile kifuniko cha plastiki kilichokuja na gari, kwa riveti sita, na kile cha plastiki bado kinashika rimu kwa meno yake na waya wake wa duara. Kabla ya hapo nilikuwa napata kilomita 14 kwa lita. Sasa napata 15 na nusu.

Mama Demio, Bamburi
Waaleikum salaam ndugu yangu. Mie kazi yangu ni kupeleka watoto shule Nyali na kurudi, kwenye foleni. Nilikata vifuniko kwa bodi ya plastiki ya mabango, ile yenye mirija ndani. Vilipendeza, lakini miezi miwili sikuona tofauti hata ya shilingi. Nilichofaidi ni kwamba nilipokuwa nikivifunga nilipima upepo wa matairi, nikakuta moja lina 24 badala ya 32 iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Nilipojaza, gari likawa jepesi siku ile ile. Kwa hivyo dada zangu wa mjini, anzeni na upepo wa tairi.

Probox ya Mikate
Shukrani dada, na ni kweli kabisa. Hewa haikuzuii ukiwa kwenye foleni. Ukitoka 50 kwenda 100 kwa saa, hewa inakusukuma nyuma mara nne, na nguvu ya kuishinda inapanda mara nane. Faida yetu iko barabara ndefu tu.

Teksi Changamwe
Naomba mnisikilize vizuri kwa sababu hili lilinitisha. Nilifunga vyangu kwa zile kamba za plastiki za kubania nyaya, nne kila gurudumu. Wiki ya kwanza salama, ya pili salama. Wiki ya tano, nakaribia daraja la Mtwapa na abiria wawili, nikasikia mlio kama mtu kapiga bati kwa kokoto. Nikatazama kwenye kioo cha pembeni, naona sinia langu limesimama kwa ukingo linabingirika katikati ya barabara, na nyuma yake yuko kijana wa boda boda amempakia mama na mtoto. Alikwepa. Alhamdulillahi alikwepa. Nilisimama, nikarudi kwa miguu kumwomba radhi, mikono inatetemeka.

Nilipokagua, kamba zilizobaki zilikuwa zimefifia rangi, nikazikunja zikakatika kama njiti kavu. Jua la huku na joto la breki vimezila. Tafadhali, msitumie kamba za plastiki peke yake. Mimi sasa nimetumia boliti, na kila asubuhi navitikisa kwa mkono kimoja kimoja kabla ya kuwasha gari.

Fundi Bati, Magongo
Pole sana ndugu yangu. Nimewatengenezea watu kadhaa vitu hivi, basi niongeze ya ufundi. Aluminiamu ikigusana na chuma katika hewa yetu ya chumvi huliwa. Utaona unga mweupe umezunguka boliti, na siku moja tundu limekuwa kubwa kuliko kichwa cha boliti. Weka wosha ya mpira kati yake, na tumia boliti zisizoshika kutu. Piga kingo tupa mpaka kidole kipite bila kukwaruzwa, maana ukingo wa sinia lililokatwa ni kisu. Acheni pia tundu la valvu linaloingia kidole gumba, la sivyo mtu wa pancha atawang'olea kila kitu ili ajaze upepo. Na nati za gurudumu lazima muweze kuzifikia na kuzikaza. Kifuniko kinachoficha nati iliyolegea ni hatari kuliko kukosa kifuniko.

Mwalimu wa Mazeras
Mimi nilifunika mbele na nyuma bila kuacha upenyo wowote. Natoka Voi na mzigo, nateremka Mazeras kuelekea Miritini nyuma ya lori, mguu juu ya breki muda wote. Nikasikia harufu ya kuungua, na pedali ikaanza kuzama kuliko kawaida. Nikashuka kwa gia ya pili mpaka nikapata pa kuegesha, nikangoja kama nusu saa. Breki za mbele ndizo zinazofanya kazi kubwa, na nilikuwa nimezifungia hewa. Sasa nyuma nimefunika kabisa, mbele nimekata duara la upana wa kiganja katikati na kuacha nafasi ya kidole kuzunguka ukingo. Sijanusa tena.

Mzee wa Kibokoni
Wanangu, nimewasoma wote. Nina swali kwa huyu wa mikate. Hiyo kilomita 14 kwa lita ulipima lini, na hiyo 15 na nusu ulipima lini? Na ulipima kwenda tu au kwenda na kurudi?

Probox ya Mikate
Shikamoo mzee. 14 ilikuwa Februari, 15 na nusu ni Juni. Najaza Mombasa, najaza tena nikifika Malindi.

Mzee wa Kibokoni
Marahaba. Basi Februari ni kaskazi, ukienda Malindi upepo unakuja usoni. Juni ni kusi, unakusukuma mgongoni. Marehemu baba yangu alikuwa nahodha, asingehesabu safari ya majahazi kwa njia hiyo, na gari nalo linapita katika upepo ule ule. Jaza pampu moja, nenda urudi, jaza pampu ile ile. Wiki moja na vifuniko, wiki moja bila.

Probox ya Mikate
Nimerudi baada ya wiki sita, nimefanya alivyosema mzee. Wiki tatu na vifuniko, wiki tatu bila, kwa zamu. Pampu moja, mwendo wa 90, na ikijikata mara ya kwanza siongezi. Tofauti imebaki kama nusu lita kwa safari nzima. Ile kilomita moja na nusu niliyojisifia hapo juu, sehemu kubwa ilikuwa ya kusi, na nawaomba radhi niliowapa moyo kwa hesabu mbovu. Lakini nusu lita kwa safari tatu za wiki ni lita moja na nusu, na masinia nimeshayalipia, kwa hivyo yanabaki. Ya mbele nimeyakata duara katikati kama Mwalimu.

Nani ana rimu za alloy zisizo na kifuniko cha plastiki? Umefunga wapi bila kutoboa rimu?