Naomba ushauri: graviti ya mwanzo ya bia ya boga, nihesabu boga au niliache?

Habari zenu wakuu. Niko Marekani, na msimu huu wa maboga nataka kupika bia ya boga nyumbani, lita 19. Nimekwama kwenye hesabu ya graviti ya mwanzo, yaani uzito wa maji ya kimea yenye sukari ukilinganisha na maji matupu, kabla hayajachachuka.

Nina kimea cha kawaida cha shayiri kilo 4.5, kimea cha Munich nusu kilo, cha karameli robo kilo, na boga la kopo kilo 1.7 ambalo nitalichoma kwenye oveni hadi kingo zianze kuwa kahawia. Vyombo vyangu huwa vinanipa asilimia 70 ya sukari inayoweza kutoka kwenye kimea.

Kwa kimea peke yake napata 1.058 (yaani pointi 58). Programu ninayotumia inalichukulia boga kama nafaka na kunipa 1.064. Hapo ndipo ninapopata shaka, maana boga ni maji matupu kwa sehemu kubwa: kilo 1.7 ina kama gramu 60 tu za sukari, na kwa lita 19 hiyo ni pointi moja hivi.

Nimejaribu pia kuloweka boga kidogo pamoja na kimea kwenye maji ya nyuzi 67 kwa saa nzima, nikachuja. Uji ulikuwa mzito, nyama ya boga ikang'ang'ania kwenye hidromita (kifaa cha kupimia graviti), sikuweza kuamini kipimo.

Kwa mliowahi kuipika:

Wanga wa boga unaongeza pointi ngapi kweli mkiliweka pamoja na kimea? Na je, nishushe ile asilimia 70 kwa sababu ya uzito wa uji, au maganda ya mpunga yanatosha kusaidia uchujaji?

Natanguliza shukrani.