Tupeane uzoefu: ahadi ya "atasomea kwangu" ilimfikisha wapi msichana?

Mwanzilishi wa mada, Kisumu
Hamjambo nyote. Huku kwetu, kazi anayofanya mtoto wa kike katika nyumba ya jamaa haiitwi kazi. Shangazi huja kijijini wakati wa likizo, huahidi kwamba "atasomea kwangu", na msichana hupanda matatu akiwa na mfuko mmoja. Mimi nilipanda Januari 2004, nikiwa na umri wa miaka 12. Karo ya shule za msingi ilikuwa imeondolewa mwaka uliotangulia, kwa hiyo wazazi wangu hawakuona sababu ya kuitilia shaka ahadi ile.

Ni kweli niliandikishwa shule, hapo mtaa wa Nyalenda. Hata hivyo, siku yangu ilianza saa kumi alfajiri kwa kuteka maji mitungi minne ya lita 20, kuwasha jiko la makaa na kuwaogesha pacha wawili, na kengele ya shule ililia nikiwa bado nasugua sufuria ya uji. Hisabati ilikuwa kipindi cha kwanza. Hadi leo, nikimsaidia mwanangu hesabu za sehemu, harufu ya uji ulioungua hunijia.

Hakuna siku niliyoambiwa niache shule. Pacha mmoja aliugua surua, nikaagizwa nikae naye wiki hiyo; alipopona, shangazi alikuwa ameanza kuuza mitumba soko la Kibuye, na hapakuwa na mwingine wa kubaki na watoto.

Naomba mueleze yaliyowakuta.

Mwalimu, Nakuru
Nimefundisha karibu na mtaa wa Kaptembwo kwa miaka mingi. Msichana wa namna hii husinzia kabla ya adhuhuri, vidole vyake vimechubuka kwa sabuni, na kazi ya ziada huimalizia langoni, daftari likiwa juu ya goti. Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya 2013 inakataza kumpa mtoto ajira inayomzuia kuhudhuria shule, lakini katika rejista huyu yupo. Ukimwita mlezi, atakuuliza, "Kwani mtoto wa kike asifanye kazi za nyumbani?" Swali hilo si la kipuuzi, maana sote tulifagia na kuosha vyombo. Mimi humjibu kwa kumuuliza watoto aliowazaa yeye huamka saa ngapi.

Mchangiaji, Busia
Mimi nilikuwa mboch, yaani mfanyakazi wa nyumbani, wa kulipwa tangu nikiwa na miaka 13. Mshahara ulitumwa kwa baba, nao ndio uliomlipia kaka yangu karo hadi kidato cha nne. Alipomaliza nilidhani zamu yangu imefika, nikaambiwa kuna mdogo wake.

Mchangiaji, Vihiga
Nilimchukua binti wa ndugu yangu nikamnunulia sare na viatu, nikajiona mwema. Kwa miaka miwili sikuwahi kufungua daftari lake.

Mwanzilishi wa mada
Ahsanteni, hasa dada wa Vihiga. Si rahisi kuandika hivyo. Aliyeniuliza faraghani kuhusu mtoto wa jirani, nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo. Mimi nilirudishwa nyumbani na jirani aliyenilipia nauli, mwalimu mkuu akanipokea darasa la sita bila sare, na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wakati huo, nikaifanya nikiwa na miaka 17, goti likigonga dawati lililotengenezewa watoto.