Mnafanyaje mnapotoka mwonekano wa kiume kwenda wa kike, au kurudi?

Swali:
Wapendwa, kazini navaa kiume, wikendi navaa kike, na kote ni mimi yule yule. Kinachonichosha ni ule muda wa katikati. Wanja hautoki hata nikisugua kwa sabuni. Asubuhi bado kope nyeusi. Na kivuli cha ndevu kinaonekana hata nikitoka kunyoa. Nisaidieni.

Jibu:
Achana na sabuni, utaumiza macho bure. Wanja usiotoka kwa maji huyeyushwa na mafuta. Lowesha pamba kwa mafuta, ilaze juu ya jicho ulilofumba, subiri kidogo, kisha vuta taratibu kwenda chini. Kivuli cha ndevu kina ubuluu, ndiyo maana poda peke yake haikifichi. Tangulia na kipodozi cha rangi ya machungwa, kidogo sana, ndipo upake fondesheni. Ngozi nyeusi inataka machungwa yaliyokolea. Nyeupe, rangi hafifu.

Jibu:
Nyongeza: usinyoe kwa haraka kinyume na ndevu, vipele vitakusumbua siku zote mbili.

Jibu:
Mie nguo hazinisumbui, sauti ndiyo kazi. Usiibane ikawa nyembamba, koo litauma. Jizoeze kuupeleka mlio mbele mdomoni badala ya kifuani, kwa kusoma kwa sauti ukiwa peke yako. Halafu, samahani kuuliza: nyumbani kuna anayejua? Kujificha kunachosha kuliko wanja.

Muulizaji:
Dada yangu anajua, na kucha ananipaka yeye. Mafuta nayajaribu leo leo. Asanteni sana.