Ushauri: muziki wa menyu ya kaseti ya gemu ya "9999999 in 1" hausikiki kama wa zamani

KasetiYaNjano:
Wakuu habari za jioni. Naandaa biti, nataka kuingiza ule muziki wa menyu ya "9999999 in 1", yenye picha ya ufukwe na ndege wa baharini. Nimeufungua kwenye emuleta ya kompyuta (programu inayoiga mashine ya gemu). Noti ni zilezile lakini unakimbia, na mlio si ule wa gemu tulizochomeka kwenye TV. Nikiweka PAL (mfumo wa TV za Ulaya) mwendo unatulia, ila sauti inashuka. Mdogo wangu naye kasikia hivyohivyo. Nifanyeje?

FundiPadi:
Mkuu, masikio yako ni mazima. Mashine tulizochezea hazikuwa Famicom, mashine ya gemu ya Nintendo, zilikuwa nakala, nyingi zikiwa na chipu za kampuni ya UMC ya Taiwan. Famicom ya Japani huchora picha 60 kwa sekunde, na muziki husogea hatua moja kwa kila picha. Nakala za TV za huku huchora 50, hivyo wimbo unapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Lakini kasi ya prosesa, inayopanga urefu wa noti, imeachwa kwenye MHz 1.77, karibu sawa na 1.79 ya Japani, kwa hiyo noti hazishuki. NES (Famicom ya nje ya Japani) halisi ya Ulaya ni 1.66, ndiyo maana PAL imekuangusha.

Tumia emuleta ya Mesen, kwenye eneo uchague Dendy (ni nakala iliyouzwa Urusi tangu 1992). Kuhusu mlio: baadhi ya chipu hizo zilipishanisha upana wa mawimbi ya mraba, asilimia 25 ikakaa mahali pa 50. Kwenye mipangilio ya sauti kuna pa kuwasha hilo. Washa, utaisikia sebule nzima.

BintiWaChipu:
Nyongeza: Mesen inakuruhusu kuzima kila chaneli. Rekodi mraba wa kwanza, wa pili, kisha pembetatu peke yake. Hiyo ndiyo besi. Halafu sikiliza gemu la Somari la 1994 la Hummer Team. Wamechukua nyimbo za Sonic, zilizotungwa kwa Mega Drive, mashine ya Sega yenye chaneli sita za sauti za FM (aina ya sintesaiza), wakazibana kwenye Famicom. Mimi nawaheshimu sana watu wale. Huo ni ufundi, hata kama gemu lenyewe ni la wizi.

Mwanasheria_Mtaa:
Ndugu, kabla hujatoa biti: ule wimbo ni "Unchained Melody", muziki wa Alex North, 1955. Waliotengeneza kaseti hawakuwa na haki nao, na wewe hurithi haki kwao. Kama unauza, pita COSOTA (taasisi ya hakimiliki Tanzania) kwanza uulize.

KasetiYaNjano:
Asanteni sana wakuu. Dendy imekubali, na ule mlio umerudi vilevile! Kuhusu haki nimeelewa: nitabaki na mlio tu, melodi naitunga mwenyewe kwenye FamiStudio, programu ya kutunga muziki wa NES. Dada BintiWaChipu, naomba nikutumie besi uisikilize.

BintiWaChipu:
Tuma. Usiiwekee mwangwi kwanza, niisikie kavu.