Eti wateja "wamevutiwa" na fremu yangu dakika tisa! Ile ni foleni ya choo!

MitandioYaPwani (mleta uzi)

Wakuu, mods msihamishe uzi huu kwanza, niacheni niseme nikiwa bado natetemeka. Nimetoka kikaoni sasa hivi, hata mkoba sijautua.

Jengo mnalijua. Lile lenye ngazi mbili za umeme, moja imelala tangu enzi na enzi. Meneja wake naye mnamjua, na asiyemjua basi hajawahi kupanga fremu katika mji huu. Yule wa kishikwambi. Anaenda nacho sokoni, anaenda nacho msibani, siku akifunga ndoa atamkalisha bibi harusi kiti cha nyuma ili kishikwambi kikae mbele.

Leo katuita wapangaji wote, kikao cha kodi. Kawasha projekta, ukutani ikatoka ramani ya jengo imepakwa rangi. Nyekundu eti ndiko kwenye watu, bluu ndiko kumedorora. Fremu yangu nyekundu kama pilipili. Akaigonga kwa kijiti, mbele ya watu wote, mbele ya yule wa viatu ambaye tangu Ramadhani hatusalimiani, akasema: "Mama wa mitandio, programu yetu inaonyesha wageni wanakaa kwako wastani wa dakika tisa. Dakika tisa! Wa simu hapo chini wanakaa mbili. Wateja unao. Wewe ndiye hujui kuuza."

Hujui kuuza. Mimi! Mimi niliyekulia chini ya meza ya kanga Mtaa wa Uhuru, niliyejua kupima doti kabla sijajua kusoma!

Sasa sikilizeni hizo dakika tisa zinatoka wapi. Fremu yangu imepakana ukuta na choo cha wanawake cha ghorofa ya pili. Choo kina vyumba vinne, viwili vimefungwa kufuli. Foleni inaanzia mlangoni mwa choo inakuja kuishia kwenye kioo changu. Wanawake wamesimama wameshika simu, na programu ya jengo imo, maana bila kuipakua hupati waifai ya bure. Programu inaona simu imetulia eneo langu, haiondoki, inaandika: mgeni amevutiwa. Amevutiwa na nini? AMEBANWA MKOJO! Mtu yuko mguu huu mguu ule, anauma midomo, anamhesabia aliye mbele yake, na kule ofisini inaandikwa "ushiriki wa hali ya juu".

Nikanyoosha mkono nieleze. Akanikata: "Namba hazidanganyi, mama." Halafu akarudia taratibu kama anamfundisha chekechea: dakika... tisa. Ukumbi ukacheka. Wa viatu akacheka mpaka akapaliwa.

Na kodi inapanda, maana maeneo mekundu sasa yanaitwa daraja la kwanza. Nilipe zaidi kwa sababu choo chao hakitoshi! Halafu niambiwe sijui kuuza!

---

Mpigadebe_Mstaafu

Nimewahi siti ya dirishani. Karanga ziko wapi?

---

KijanaWaMbagala

Pole dada, lakini meneja ana hoja. Watu wanasimama mbele ya kioo chako dakika tisa na hawanunui? Ningekuwa mimi ningeuza tishu na ningekuwa na nyumba Kigamboni.

---

MitandioYaPwani

Wewe kijana, umewahi kumuuzia kitu mtu aliyebanwa? Ukimwonyesha mtandio anakuona mchawi. Akitoka choo ndiyo kabisa, anapita mbio anamfuata mwenzake aliyemwacha kwenye chipsi. Na mbele ya wa viatu! Angenitukana faraghani ningemeza.

---

Fundi_wa_Namba

Mleta uzi, nimewahi kufunga mifumo hii kwenye majengo. Meneja wako amesoma kitu ambacho hakikuandikwa.

Programu haijui mapenzi. Inajua simu iko karibu na wapi na imekaa kwa muda gani, basi. Anayesema kukaa muda mrefu ni kuvutiwa ni binadamu aliyetengeneza ripoti. Hata kwenye tovuti ni hivyohivyo: Google Analytics ya sasa, mtu akikaa zaidi ya sekunde 10 anahesabiwa ameshiriki, hata kama alikuwa anatafuta miwani yake. Reli ya chini ya London mwaka 2016 walipima simu za abiria kwa waifai katika vituo 54, wiki nne. Walitaka kujua abiria anapita njia gani na wanasongamana wapi. Foleni waliiita foleni.

Muulize pia wanapimaje. GPS ndani ya jengo haina maana, mawimbi ya setilaiti hayapenyi zege vizuri, na ghorofa ya kwanza na ya pili zinachanganywa. Wengi wanabandika bikoni, vidude vidogo vya blutuu ukutani, simu inakadiria umbali kwa nguvu ya mawimbi. Sasa mwili wa mtu ni maji, unakula mawimbi, kwa hiyo foleni yenyewe inavuruga kipimo. Na ukuta wako na choo ni wa nini? Kama ni jipsamu, mawimbi yanapita. Hata waliomo ndani ya choo wanaweza kuhesabiwa wako dukani kwako.

---

MitandioYaPwani

WALIOMO NDANI???

Kwa hiyo mtu amechuchumaa chooni anasoma meseji, na mimi naambiwa yuko dukani kwangu anachagua mtandio?! Na ni jipsamu! Ukigonga inaitika! Ndiyo maana nikaitwa sijui kuuza!

---

Mpigadebe_Mstaafu

Nimetema karanga.

---

MzeeWaSaa

Binti, wewe una nafuu, umepewa nyekundu. Mimi niko ghorofa ya nne jengo hilohilo, natengeneza saa. Fremu yangu ni bluu tupu, imeandikwa "eneo lisilo na mwitikio". Wateja wangu ni wazee wenzangu, wanakuja na kiswaswadu na saa ya marehemu baba yao. Programu haiwaoni! Kwao mtu asiye na simu janja hajazaliwa. Wakiwa watano kwenye benchi, mfumo unasema hakuna mtu. Sasa wanataka kunitoa wamweke kijana wa kubeti. Hili ndilo la kuanzishiwa uzi.

---

KijanaWaMbagala

Mzee huyo ana kesi. Huyu dada ana choo.

---

MitandioYaPwani

Shikamoo mzee wangu, pole sana, lakini wewe hukuambiwa hujui kutengeneza saa. Mimi nimeambiwa sijui kuuza. Kwa kijiti!

---

Fundi_wa_Namba

Dada, kingine. Kuna mtu anakaa hapo kutwa mwenye hiyo programu? Mlinzi, mfagiaji? Simu ya mtu mmoja anayeshinda hapo toka asubuhi hadi usiku inavuta wastani juu peke yake. Ndiyo maana wenye akili hawaangalii wastani, wanawapanga watu wote kuanzia aliyekaa kidogo hadi aliyekaa sana, wanamwangalia wa katikati.

---

MitandioYaPwani

Mtoza hela ya choo! Ameweka kiti chake kwenye kona ya kioo changu, anafungua asubuhi anafunga usiku, simu mbili, zote kwenye waifai ya jengo, tamthilia haikatiki. Ya Rabi. Huyo ndiye mteja wangu nambari moja.

---

MswahiliNairobi

Dada pole. Huku Nairobi tumekuwa na sheria ya data tangu 2019 na kamishna wake yupo, lakini jengo nililopanga bado linanitumia ujumbe "karibu tena" kila nikipita barabarani na matatu. Sijashuka! Niko kwa foleni ya magari! Halafu mwisho wa mwezi wanawaambia wapangaji watu wa barabara hiyo nzima walikuwa "wageni". Barabara nzima!

---

Wakili_wa_Jioni

Na huku Tanzania tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa awe amesajiliwa, na amwambie mhusika anazikusanya za nini. Mleta uzi, ulipopakua hiyo programu uliambiwa kwamba mwendo wako utapangiwa kodi? Wale wanawake wa foleni wanajua kuna mtu anapima haja zao?

---

KijanaWaMbagala

"Anapima haja zao." Uzi umefika mahali pazuri.

---

Dalali_Hachoki

Fremu ipo, mtaa wa nyuma, haina programu haina kishikwambi. Kodi miezi sita, kilemba kinazungumzika. Njoo PM.

---

MitandioYaPwani

Dalali nitakutafuta. Sitanii.

---

Kisu_Butu

Mimi siamini kuna meneja anaongea hivyo. Chai hii. Weka picha ya hiyo ramani.

---

MitandioYaPwani

Njoo ghorofa ya pili, nitakuonyesha ramani, foleni na yeye mwenyewe.

---

Fundi_wa_Namba

Kisu_Butu, si chai, nimeona ramani za namna hiyo. Tena kuna hesabu nyingine huwa inavimba. Ukihesabu simu zinazotafuta waifai bila programu, iPhone zilianza kuficha anwani zake halisi tangu iOS 8 ya 2014, na Android 10 ya 2019 ikafanya kubadili anwani kuwe jambo la kawaida. Simu moja inaonekana simu tatu, anaandika wageni watatu. Mtu akienda chooni mara mbili ni mgeni mmoja mwenye ziara mbili. Ukiona ripoti haitenganishi wageni na ziara, ifunge.

Sasa dada, dawa ni hii. Siku maji yakikatika si choo kinafungwa? Fungua akaunti yako ya mpangaji, tazama dakika za siku hiyo. Halafu chukua risiti za mashine ya EFD za siku hiyo na za siku nyingine uweke sambamba. Kama dakika zimeanguka na mauzo hayajatikisika, umemaliza kesi. Dakika ni za choo, mauzo ni ya kwako.

---

MitandioYaPwani

Jumanne maji yalikatika! Ngoja.

---

MzeeWaSaa

Na mimi nani anipimie? Ninaandika daftarini kila saa inayoingia, jina na tarehe. Nimempelekea meneja daftari, akaniuliza kama lina nywila.

---

MswahiliNairobi

Mzee 😭

---

MitandioYaPwani

NIMERUDI. Jumanne: sekunde arobaini. Kutoka dakika tisa mpaka sekunde arobaini! Na mauzo ya Jumanne ni yaleyale ya Jumatatu, risiti ninazo mkononi. Nimepiga picha kila kitu. Kesho naingia ofisini kwake na nataka wa viatu awepo. Wapangaji wote wawepo. Nataka anioneshe kwa kijiti kilekile nani hajui kuuza!

---

KijanaWaMbagala

Kwa hiyo bila choo huna watu kabisa. Dada, kaa kimya ulipe, wakihamisha choo umekwisha.

---

MitandioYaPwani

Kijana, umesoma au umekuja kutafuna? MAUZO HAYAKUSHUKA. Wanaonunua kwangu wanajua walichokifuata, wanaingia, wanachukua, wanalipa. Sekunde arobaini za mnunuzi zinalisha watoto wangu, zile dakika tisa zinamlisha mtoza hela ya choo!

---

Fundi_wa_Namba

Hiyo sentensi iandike hivyohivyo kwenye barua. Umpe meneja kwa maandishi, Wakili akusaidie.

---

Kisu_Butu

Kwani hicho choo ni shilingi ngapi?

---

MitandioYaPwani

Mia tatu. Jamani tubaki kwenye mada.

---

Kisu_Butu

Mia tatu jengo la vioo?? Sisi stendi tunatozwa mia tano, ndoo moja ya maji watu ishirini.

---

Mpigadebe_Mstaafu

Stendi gani hiyo? Yetu ukitoa elfu moja unaambiwa hakuna chenji, ingia, utaikuta ukitoka. Ukitoka kakaa mwingine.

---

Wakili_wa_Jioni

Hilo la chenji ni dhuluma. Umewahi kudai kwa maandishi?

---

MitandioYaPwani

Wakili, na barua yangu je? Kikao cha kesho ni saa nne.

---

MswahiliNairobi

Huku wanakupa peremende badala ya chenji. Nilikataa, akaniambia basi rudi ndani ukatumie iliyobaki.

---

Dalali_Hachoki

Fremu ninayoisema choo chake ni bure na maji yapo.

---

MzeeWaSaa

Dalali, iko ghorofa ya ngapi? Mimi na wateja wangu ngazi hatuziwezi tena.