Sarafu za Roma zimejaa kijani, nizisugue ama niziache?

Kijana_wa_Lanet
Habari zenu wakubwa. Mjomba wangu alifanya kazi Uingereza miaka mingi, alipofariki tukapata kwa sanduku lake mkebe wa majani chai uko na sarafu 14 za shaba, ndogo kabisa, zingine hata kifungo cha koti ni kikubwa. Kikaratasi ndani kimeandikwa "Roma" basi. Picha zinakataa kupanda kwa hivyo niwaelezee tu. Kama sita ziko na wanajeshi wawili wamesimama na katikati yao vitu kama bendera mbili, moja iko na mbwa ananyonyesha watoto wawili (walai tena), moja ni nyumba ya matofali na nyota juu, zilizobaki ni kijani tupu. Brazangu anasema hizo ni mamilioni tuuze tununue ploti. Mama naye anasema ndimu na majivu, si hivyo ndivyo sufuria hung'aa. Jana nimejaribu moja na ndimu ikatoka nyekundu kama waya ya stima. Ni sawa?

jakondele
Omera, weka hiyo ndimu chini SAA HII. Hiyo kijani ama kahawia iliyoshika vizuri ndiyo ngozi ya sarafu, imejijenga karibu miaka 1,700, na mara nyingi uso wa mfalme na maandishi yamebaki kwa hiyo ngozi, siyo kwa shaba ya chini, sasa ukiibambua umebambua na mfalme. Ile nyekundu imeenda hivyo, fanya ya kujifunzia. Zingine loweka kwa maji ya betri, yale safi ya kuongeza yanauzwa petroli stesheni, lakini soma chupa isije ikawa asidi, badilisha maji kila siku mbili tatu, halafu mswaki laini, na pale pagumu kijiti cha meno. Siki hapana, waya ya sufuria hapana kabisa. Inachukua hata miezi, mimi niko na moja imelala kwa glasi tangu Pasaka, mke wangu ameshaacha kuuliza.

mwalimu_kakamega
Mbwa tena 😂 Huyo ni mbwa mwitu jike na hao watoto ni Romulus na Remus, mapacha wa hadithi ya kuanzishwa kwa Roma. Upande ule mwingine usitafute mfalme, ni kichwa chenye kofia ya vita, yenyewe ni Roma, mji umechorwa kama mtu, na imeandikwa VRBS ROMA, yaani mji wa Roma, hiyo V ndiyo U yao. Zilianza kutoka 330, mwaka mfalme wa Roma Constantine alipozindua mji wake wa Constantinople. Za wanajeshi ni GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Bendera mbili ndizo za kwanza, halafu kama 335 wakapunguza uzito na bendera ikabaki moja, shaba ikipungua na picha inapungua. Hiyo nyumba ni lango la kambi.

Lakini utamu wenyewe uko chini ya ule mstari wanajeshi wamekanyaga. Kuna herufi ndogo pale, huo ndio mji sarafu ilipopigwa. TR ni Trier kule Ujerumani, SIS ni Siscia, leo iko Kroatia, SMAN ni Antiokia, ile ile ya Matendo ya Mitume, na SMAL ni Alexandria. Herufi ya mwisho kabisa mara nyingi ni ya karakana. Zima taa, washa tochi ya simu ukiilaza ubavuni, usimulike kutoka juu.

ploti_bado
Kwa hivyo ploti hakuna?

jakondele
Hakuna. Zilipigwa nyingi mno, za kawaida zilizochakaa ni dola chache kila moja, uza zote upate mifuko kadhaa ya simiti.

Kijana_wa_Lanet
Jana stima ilipotea nikatumia tochi vile mwalimu amesema. Moja inasoma SMALA!! Nilikuwa nimeiona kitambo nikadhani ni jina la mtu. Kumbe ni ya huku kwetu Afrika, Misri, karakana A. Ila kuna nyingine iko na unga wa kijani hafifu, ukigusa na sindano unamwagika.

jakondele
Hiyo ni mgonjwa, chumvi iliyo ndani pamoja na unyevu inaila shaba polepole. Itenge. Iloweke peke yake wiki kadhaa ukibadilisha maji, ikauke kabisa, halafu iweke mahali pakavu na vile vipakiti vinakuja na viatu vipya. Na usizirudishe kwa mkebe zikigongana.

Kijana_wa_Lanet
Mkebe mama ameshachukua, uko na sukari.